Karatasi ya Kwanza

Jiwe lilikuwa la mwizi, ila lilimpata Hatibu Saadi juu ya jicho la kushoto, kwa kuwa Hatibu alikuwa amemkalia mwizi mgongoni.

Ndivyo alivyofanya kazi miaka kumi na mmoja. Mwizi akikamatwa mtaa wa Kambi ya Mkaa, Hatibu, kiongozi wa ulinzi shirikishi, hakumpiga. Alimlaza kifudifudi, akamkalia, akatoa simu akawaita polisi. Watu wakifika na mawe na magongo, na yule mmoja asiyekosekana mwenye tairi na chupa ya petroli, walimkuta mzee ameketi. "Mkitaka kumpiga, anzeni na mimi," aliwaambia. Na watu wenye hasira hawabembelezwi. Mara nyingi walianza na yeye.

Asubuhi ile ya Jumamosi mkewe, Chiku, aliitwa kutoka soko la Kwa Mrombo alikokuwa akishona magunia yaliyotoboka. Alikuja mbio, sindano ya gunia bado iko mkononi. Alimkuta mume wake damu imemtiririka mpaka kidevuni, jicho limefumba, na bado amekaa. Chini yake mwizi wa betri ya pikipiki, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa akilia huku udongo umemjaa mdomoni: "Mzee usiinuke. Nakuomba kwa Mungu, usiinuke."

Polisi walichukua saa mbili kufika. Hatibu alikaa saa mbili.

Nyumbani, katika chumba kimoja cha mabanzi ambacho Chiku alikikandika udongo kwa mikono yake, alimwosha jeraha kwa maji ya chumvi. Hakumwosha kwa upole, alikuwa na hasira.

"Utakufa kwa ajili ya wezi wewe."

"Mbona sijafa."

"Utakufa, Baba Hafidha. Utaniachia nini? Hilo koti la mvua lililochanika kwapa?"

Hatibu alicheka, jeraha likafunguka tena. Chiku akamfinya bega. Kazi ya ulinzi haikuwa na mshahara. Mchana mume wake alibeba zege kwenye majengo ya watu huko Kijenge, usiku akazunguka mtaa na rungu na tochi, na kwa yote hayo mtaa ulimpa shukrani. Shukrani haichemki sufuriani, Chiku alikuwa akisema, na hakusema kwa utani.

Lakini safari hii kulikuwa na jambo. Mitaa mitatu ilikuwa inaunganisha walinzi wake: Kambi ya Mkaa, Njia Mbili ng'ambo ya korongo, na Oldonyo Juu kule juu kwenye mteremko unaoutazama mlima Meru. Hatibu mwenyewe ndiye aliyelipigia kelele jambo hilo miaka minne. Mwizi akiiba huku anavuka korongo, walinzi wa huku wanasimama ukingoni, walinzi wa kule wanasema si wa kwetu, na mwizi anawapungia mkono wote. Hakuna aliyemsikiliza. Kisha wiki mbili zilizopita dereva wa bodaboda wa Njia Mbili, aitwaye Said, akaokotwa korongoni amekatwa shingo, pikipiki haipo, na walinzi wa mitaa miwili wakabishana juu ya maiti mpaka jua likawa kali, kila upande ukisema kichwa kimelala upande wa wenzao. Hapo ndipo wakubwa walipozinduka. Likatoka agizo: kikosi kimoja cha pamoja, makoti yanayong'aa, kamanda mmoja mwenye posho kila mwezi.

Posho kila mwezi. Chiku alilisikia neno hilo, akalala nalo, akaamka nalo.

Kamanda angechaguliwa kwa kura kwenye mkutano wa mitaa yote mitatu, Jumapili, saa tisa alasiri, uwanja wa shule ya Njia Mbili. Siku hiyohiyo wananchi wangepiga pia ile kura ya siri ya kutaja wahalifu: kila mtu anapewa karatasi, anaandika jina la mtu anayemshuku, anakunja, anatumbukiza, hajulikani nani kaandika nani. Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo ya umeme. Karatasi ya kwanza, kamanda. Karatasi ya pili, wahalifu.

"Niwaombee watu wakuchague," Chiku alimwambia.

"Thubutu! Cheo hakiombwi. Wakinitaka watanitaka."

"Hawatakutaka bila kuambiwa. Wa Njia Mbili wako wengi, watampa Koikai wao."

"Basi wampe. Mimi nilitaka kikosi, kikosi kimekuja." Akageukia ukutani akalala.

Chiku hakubishana naye. Alijifunga kanga ya pili akaenda nyumba kwa nyumba. Kwa Silantoi, jirani yake muuza maziwa, alianza, na Silantoi hakuhitaji kuombwa. Ng'ombe wake wawili wasingekuwepo kama si Hatibu. Wakaenda pamoja, wakapita kila mlango wa Kambi ya Mkaa. Walikuwepo wasiojua kusoma ila wakajua kuandika jina moja kwa kufundishwa, na Chiku aliwafundisha, akichora kwa kijiti kwenye udongo mweusi: HATIBU SAADI. Herufi zenyewe alizijua kutoka kwenye magunia.

"Karatasi ya kwanza," alirudia kila mlango. "Ya kwanza, jamani, msisahau. Ya pili andikeni mnachotaka, au msiandike."

"Ya kwanza, Mama Hafidha, tumesikia, mbona unatufanya watoto!"

*

Tangu lini mkutano wa hadhara ukaanza kwa wakati? Huo ulianza kwa wakati. Mkubwa aliyetoka wilayani alikuwa na shughuli nyingine saa kumi na moja, akafika saa tisa kasoro, akataka mambo yaende. Na kwa kuwa alitaka kuondoka na majina ya wahalifu mkononi, akasema wahalifu watangulie, kamanda atafuata. Mwenye kipaza sauti akatangaza mara mbili, waliokuwepo wakasikia.

Kambi ya Mkaa hawakuwepo. Chiku alikuwa amewakusanya kwenye banda la kuuzia mkaa ili waingie kwa pamoja, wote, wenye kanga na wenye mashuka, wapate kuonekana kuwa nao ni watu. Wakazunguka kwa daraja kwa sababu korongo lilikuwa na maji. Saa tisa na nusu ndiyo wanafika getini, jasho linawatoka, na waliosimama uwanjani tayari wameshika karatasi.

Getini alisimama Koikai, kiongozi wa walinzi wa Njia Mbili, mrefu, mtaratibu, koti jipya linang'aa kifuani. Alimwona Chiku mbele ya watu wake wote, akaona midomo ikitembea, kila mmoja akilikariri jina asije akalisahau.

"Karibuni, mama zangu," alisema. "Mmechelewa kidogo, ila hamjaharibikiwa. Ndiyo kwanza karatasi ya kwanza inaanza."

"Hiyohiyo!" Chiku akasema, akageuka nyuma. "Hiyohiyo, jamani!"

Mgawaji alipita akitoa karatasi. "Jina moja. Kunja. Tumbukiza," ndilo alilosema, kwa kila mtu, bila kuinua macho. Boksi lilikuwa la mafuta ya kupikia, limefungwa gundi ya karatasi. Hatibu alikuwa amekaa mbele kabisa, benchi la viongozi, plasta juu ya jicho. Aliwaona watu wa mtaa wake wakipanga mstari mrefu kuliko alivyotazamia, akawainulia mkono. Yeye alijua karatasi ile ni ya nini. Asichokijua ni kile mkewe alichokuwa amekifanya mlango kwa mlango.

Kura zilihesabiwa juu ya meza ya mwalimu kwa saa nzima. Aliyezisoma ni Elifuraha, karani wa kata, kijana wa sauti nzuri ambaye kanisani huongoza kwaya. Alisimama, akakohoa.

"Matokeo ya karatasi ya kwanza. Majina ni mengi, nitasoma walioongoza tu. Wa tatu, kura tisa." Akataja jina la mlevi mmoja wa Oldonyo Juu. Watu wakaguna. "Wa pili, kura kumi na saba." Akataja mtu aliyehama mwaka jana. Chiku alishangaa, huyu naye nani kampa kura ya ukamanda? Lakini hakupata nafasi ya kuwaza, kwa sababu Elifuraha alikuwa amefungua mdomo tena.

"Aliyeongoza, kura sitini na moja. Hatibu Saadi wa Kambi ya Mkaa."

Vigelegele vikapaa.

Silantoi aliruka na shanga zake zote. Wanawake wakakumbatiana, mzee mmoja akatupa kofia juu, Chiku akapiga kigelegele kirefu ambacho hajakipiga tangu Hafidha wake aolewe Kondoa. Alikuwa amefumba macho kwa furaha, kwa hiyo hakuona. Alipoyafumbua, uwanja mzima ulikuwa umewageukia, na hapakuwa na aliyecheka.

"Wanamshangilia!" sauti ya mwanamke ilipasuka kutoka upande wa Njia Mbili. Alikuwa mama yake Said, yule dereva aliyechinjwa. "Mwizi wao ametajwa, na wanamshangilia! Mmenichinjia mwanangu, na mnapiga vigelegele!"

Hatibu alikuwa ameshasimama. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshikwa na wazo baya na bado anatafuta kama ni kweli. Alimtafuta mkewe kwa macho, akamwona, akaelewa.

"Jamani, subirini," alisema. "Hawa hawakujua. Wamechelewa, wamedhani ni ya kamanda. Muwaulize. Chiku! Waambie!"

Chiku alipiga kelele, na waliomzunguka wakapiga kelele, wote kwa pamoja, kila mmoja akisema tulikosea, tulidhani, ilikuwa ya kwanza. Watu sitini wakisema kitu kimoja kwa wakati mmoja hawasemi kitu. Wa Njia Mbili walikuwa wanasogea. Mtu alikuwa tayari ameng'oa tofali kwenye kingo za bustani ya shule.

Yule mkubwa alitazama saa. "Kikosi si kipo? Kikamate mtu wake. Ndiyo kazi yenu ya kwanza, mnangoja nini?"

Walinzi wa mitaa mitatu walisimama kwenye mstari mmoja, wote makoti yaleyale. Koikai akapita mbele yao taratibu mpaka akafika kwa Mikaeli, ambaye kwa miaka tisa alikuwa msaidizi wa Hatibu.

"Mikaeli."

"Naam, afande."

"Asubuhi ulikuwa mlinzi wa Kambi ya Mkaa. Sasa hivi wewe ni wa wapi?"

Mikaeli aliramba midomo. Ana watoto watano, na koti lile lilikuwa la kwanza jipya kuvaa tangu harusi yake. "Wa kikosi, afande."

"Sijasikia vizuri."

"Wa kikosi!"

"Basi anza wewe."

"Afande, huyu mzee hawezi kukimbia. Nitamshika mkono tu, atakuja."

"Sikukuambia umshike mkono."

Mikaeli alimwendea Hatibu. Hatibu alimtazama, akamwambia kwa sauti ya chini, sauti ya kazi, "Nilaze chini unikalie, Mikaeli. Nilaze haraka." Na Mikaeli akainua rungu akampiga nalo gotini.

Goti lililia. Chiku alilisikia kutoka alikosimama, na mlio ule hautamtoka. Hatibu alianguka kwa upande, akajaribu kuinuka kwa mkono, la pili likampata kiwikoni. Kisha halikuwa la Mikaeli peke yake. Kikosi cha pamoja kiliingia kwa pamoja, Kambi ya Mkaa na Njia Mbili na Oldonyo Juu, magongo yakipanda na kushuka kama ya watu wanaopura maharage, na nyuma yao raia, na nyuma ya raia mama yake Said akiwa na tofali mikononi, analia, anaomba apishwe.

"Msimpige kichwani," mkubwa aliagiza akielekea kwenye gari. "Maelezo yake yatahitajika." Akapandisha kioo.

Chiku alipita katikati ya miguu ya watu. Aliingia kwa magoti, akampata mumewe, akamlalia kifudifudi akimkumbatia. Aliwapigia kelele ni mimi, nipigeni mimi, mimi ndiye niliyewaambia! Rungu lilimshukia mkono wa kushoto uliokuwa umefunika sikio la Hatibu, vidole viwili vikavunjika. Mtu alimvuta kwa nywele, mwingine kwa kanga, kanga ikabaki mikononi mwa huyo, akatupwa kando akiwa na gauni la ndani mbele ya wazee na watoto. Silantoi akamfunika kwa shuka lake.

Waliacha walipochoka. Hatibu alikuwa hai. Mguu mmoja umeelekea mahali ambapo mguu hauelekei, na kutoka mdomoni povu jekundu linatoka na kurudi, linatoka na kurudi. Walimpakia kwenye gari la kubebea mchanga.

Karatasi ya pili haikugawiwa. Kabla vumbi halijatulia kipaza sauti kilitangaza kwamba, kutokana na hali ya usalama, Koikai atakuwa kaimu kamanda wa kikosi.

*

Hospitalini walimfunga mnyororo kwenye chuma cha kitanda, mguu ule ambao haukuvunjika. Mganga alimwambia Chiku kwamba mguu uliovunjika utapona kwa kiasi, ila mkojo una damu, na damu ya mkojo wanaiangalia. Askari polisi alikaa mlangoni akisoma simu yake. Alimruhusu Chiku dakika kumi, kwa huruma.

Hatibu alikuwa na sauti ya kukwaruza. "Ni wewe uliyewaambia."

"Ni mimi."

"Nyumba kwa nyumba."

"Nyumba kwa nyumba." Chiku alikuwa ameamua asilie, akalia. "Nisamehe. Nisamehe, baba. Nilitaka upate posho. Nilitaka ulale usiku kama watu. Nimekuua kwa mkono wangu."

Hatibu alivitazama vidole vya mkewe vilivyovunjika. Kisha akauliza, "Walikuwa wangapi vile?"

"Sitini na moja."

"Sitini na moja," alisema Hatibu. Midomo iliyopasuka ilivutika kidogo. "Sikujua kama wananipenda wengi hivyo."

Chiku alitoka pale akiwa na jambo moja tu kichwani: kura zile ziondolewe. Kosa lilikuwa lake, na dawa itakuwa yake. Asubuhi ya Jumatatu, vidole vimefungwa kitambaa na kijiti, alikuwa mlangoni mwa ofisi ya kikosi. Mpaka wiki iliyopita ilikuwa ofisi ya walinzi wa Njia Mbili, sasa imepakwa rangi upya. Elifuraha alikuwa amehamishiwa hapo kuwa katibu.

"Shikamoo mama," Elifuraha alisimama kabisa, akamvutia kiti. "Pole sana. Kweli, pole. Mzee anaendeleaje?"

Hakuwa kijana mbaya. Hilo ndilo Chiku alilolisema baadaye, kwamba angekuwa mbaya angemshtukia. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaandika, akatikisa kichwa penye kustahili kutikisa.

"Mama, mimi nakuamini. Ila kura ni siri. Karatasi haina jina la aliyeandika. Siwezi kujua ipi iliandikwa kwa kukosea na ipi kwa kudhamiria. Unaona ugumu wangu?"

"Naona."

"Mpaka waliokosea waje wenyewe. Mmoja mmoja, kwa jina lake, aseme mimi ndiye niliyeandika. Hapo tutakuwa na kitu cha kushika."

"Wakija, kura zitafutwa?"

"Tutakuwa na kitu cha kushika, mama. Waambie wawahi, kesho kabla ya saa kumi."

Chiku alishika njia akirudi mtaani nusu anakimbia. Mlango kwa mlango tena, mara ya pili ndani ya wiki moja. Waliogopa. Nani asingeogopa, baada ya yale? Mume wa mmoja alimfungia mkewe ndani. Mwingine alisema hajui kitu, hakuwepo, hata mkutano wenyewe hakuusikia. Lakini Silantoi alisimama katikati ya kichochoro, mkono kiunoni, akawasema kwa Kimaasai na Kiswahili vilivyochanganyika. "Alipigwa mawe kwa ajili ya wezi, watu asiowajua! Sisi tunaomjua tunashindwa kwenda kusema neno moja? Aibu! Mimi naenda, na asiyekwenda asinunue maziwa yangu." Wakatoka.

Siku ya pili, Jumanne, saa saba mchana, mstari wa watu wa Kambi ya Mkaa ulizunguka ile ofisi. Walikuwa wamevaa nguo za Idi na za kanisani. Elifuraha aliwapokea mmoja mmoja kwa heshima, akawauliza jina na mtaa, akajaza fomu kwa mwandiko wake mzuri, akawasogezea kidau cha wino. Wengi waligonga dole gumba. Waliokuwa na neno la kuongeza, na wote walikuwa nalo, aliwaambia, "Maelezo ya ziada yataandikwa kwenye barua, mama, usihofu. Hapa gonga tu." Wakagonga, wakatoka nje wakipunga vidole vyeusi.

Chiku aliingia wa mwisho, saa tisa na robo. Alikaa, akasema jina lake, na wakati Elifuraha akiandika yeye aliitazama karatasi. Maandishi madogo ya mkono hakuyaweza. Ya juu yalikuwa makubwa, ya kupigwa chapa, kama ya gunia. Aliyasoma kwa kidole, taratibu, midomo ikitembea.

MAELEZO YA SHAHIDI. NATHIBITISHA KUWA NILIMTAJA MTU HUYU KWA UHALIFU.

"Elifuraha, baba. Hapa pameandikwa uhalifu."

"Ndiyo, mama."

"Wapi pameandikwa tulikosea?"

Elifuraha aliweka kalamu chini. Kwa mara ya kwanza hakumtazama usoni. "Hakuna fomu ya waliokosea, mama. Nimeitafuta. Zilizopo ni hizi. Walioandika jina wakikubali kwamba waliandika, wanajaza hii."

"Basi zichane."

"Zimeshapigwa muhuri."

Mlango wa ndani ulifunguliwa akatoka Koikai, kofia mkononi. Alimpa Chiku shikamoo, kwani mtu mzima ni mtu mzima, akachukua rundo la fomu, akaligonga mezani mara mbili kulisawazisha.

"Ngapi?"

"Arobaini na tatu, afande."

Koikai alipuliza pumzi, kama mtu aliyetua mzigo. "Polisi walikuwa wamenikalia kooni. Wananiambia, 'Kura tupu si ushahidi, Koikai, hiyo ni karatasi ya mtu asiyejulikana. Leta watu wenye majina, la sivyo Jumanne saa kumi tunamfungua mnyororo aende kwake.' Nimehangaika tangu juzi. Njia Mbili nzima hakuna hata mmoja aliyetaka kuweka jina lake." Akamtazama Chiku, na hakukuwa na dharau usoni pake, labda dharau ingekuwa nafuu. "Na hii ya kwako, mama, bado hujagonga."

Chiku hakugonga. Alizirukia fomu kwa mkono wake mzima, akazipata, akazikumbatia, akaziuma, akachana moja kwa meno. Koikai alimshika vidole vile viwili vilivyofungwa kitambaa akavikunja. Hakuvikunja sana. Chiku alipiga yowe na fomu zikamwagika, Elifuraha akainama kuziokota moja moja na kuzipangusa vumbi. Kisha walimsukuma nje, akaangukia kwenye ngazi, pumzi ikamkatika. Alifungua mdomo awaambie wenzake, ikatoka hewa tu.

Nje walikuwa wamekaa kwenye majani kivulini, wanangoja, wamechangamka kama watu waliotoka kufanya jambo jema. Silantoi alikuwa anajifuta dole gumba kwa jani la mgomba. "Tumemaliza, Mama Hafidha," alimwambia. "Sasa watamwachia leo, au kesho?"

Chiku alitikisa kichwa. Akaelekeza mkono kule ndani, akatikisa tena.

Hapo ndipo Mama Anande, yule ambaye mumewe alikuwa amemfungia, alipotokea kwenye njia ya korongo. Alikuja mbio, kanga imemporomoka, miguu ina matope mpaka magotini kwa kupita majini badala ya kuzunguka kwa daraja. "Wamefunga?" alipiga kelele kutoka mbali. "Jamani, wameshafunga?"

"Karibu mama!" Elifuraha alimjibu kutoka dirishani. "Wino bado upo."

Chiku, sauti bado haijamrudia, alimshika pindo la gauni. Mama Anande aliinama, akamfuta machozi kwa kiganja chenye matope. "Usilie, mwenzangu," alimwambia. "Na mimi niliandika." Akajinasua kwa upole, akamruka miguu, akaingia ndani.